Nilivyoizika Ngome ya Malakiti Asubuhi ya Robo Fainali

Ndugu zangu wa kundi hili, kaeni chini kwanza. Leo nimevuna aibu. Tena kanisani. Tena kwa maikrofoni. Tena siku ya mechi! Najua watu wa Kolwezi wameshaanza kuwatumia sauti na video, na kila mmoja anaongeza chumvi yake. Mimi nawapa kisa chenyewe kutoka kwa mwenyewe, bila chumvi. (Kidogo tu, ya kuonja.)

Kwa wale wageni wasionijua: naitwa Mama Régine. Mimi ni katibu wa parokia yetu, huu ni mwaka wa kumi na nne. Ukitaka Misa ya shukrani, unakuja kwangu. Ukitaka Misa ya marehemu, unakuja kwangu. Cheti chako cha ubatizo kimeliwa na mchwa? Kwangu. Na nikifunga ofisi, mimi ni rais wa wanawake washabiki wa Malakiti, timu yetu ya nyumbani. Nimechaguliwa mara tatu bila mpinzani. (Mpinzani mmoja alijitokeza, nikazungumza naye.) Ninaandika Kiswahili hiki cha ofisi ili hata shemeji zangu wa Kalemie waelewe, wasije wakasema hawakuelewa ndiyo maana wakacheka.

Sasa, Malakiti. Mwaka huu tumecheza msimu ambao haujawahi kuonekana hapa. Kwenye ligi tulianza vibaya, tukapoteza mechi tatu mfululizo, na waume zetu wakaanza kuwa na kazi za shamba kila siku ya mechi. Kisha tukaamka. Leo tuko wa tatu na nyumbani hatufungwi. Kwenye kombe la taifa tulifika nusu fainali, tukatolewa kwa penalti na timu moja ya Lubumbashi ambayo jina lake siliandiki kwenye simu yangu. Lakini Afrika! Huko ndiko tulikowafunga watu midomo. Raundi ya kwanza tumepita. Raundi ya pili tumepita. Makundi tumepita, kwa bao la dakika ya mwisho ambalo Dodo, mshambuliaji wetu, alilifunga kwa goti. Goti si mguu? Robo fainali tukasafiri hadi kaskazini kabisa mwa bara, tukamulikwa macho kwa taa za kijani usiku kucha, na tukashinda moja bila.

Leo yalikuwa marudiano, hapa hapa kwetu. Sare tu ilitosha. Sifuri kwa sifuri, tunaingia nusu fainali ya Afrika. Kwa hiyo leo mtu wa maana kuliko wote mjini, kuliko hata wakubwa wa migodi na magari yao meupe, alikuwa kipa wetu Kapenda.

Kapenda ni kijana wa Kasaji. Mrefu, mpole, na dini imemwingia mpaka kwenye mifupa. Kabla ya kupiga goli-kiki anafanya ishara ya msalaba mara tatu, na refa anamsubiri. Katika mechi zote za Afrika mwaka huu amefungwa mabao mawili tu, na moja beki wetu alimfunga mwenyewe. Juma hili mama yake alikuja kutoka Kasaji, siku mbili ndani ya treni, kumwona akicheza kwa mara ya kwanza.

Jumamosi mchana komite ya timu ikaja ofisini kwangu. Walitaka nia ya shukrani, yaani timu itajwe na kuombewa kwenye Misa: timu nzima itakuja Misa ya kwanza Jumapili, wabarikiwe, kisha wakale, wapumzike, waende uwanjani. Wakaniuliza kama waniletee orodha ya majina. Nilicheka. Orodha? Mimi? Wachezaji wa Malakiti nawajua kwa jina, kwa jina la utani na kwa goti linalouma.

Hapa msikilize vizuri, maana ndipo nilipotumbukia. Nia za Misa naziandika kwenye karatasi moja. Mbele ni walio hai: wanaoshukuru, wagonjwa, wanafunzi wa mtihani. Nyuma ni marehemu. Karatasi moja, pande mbili, miaka kumi na minne bila kosa. (Kuna parokia zinatumia karatasi mbili. Tuliwacheka sana.) Marehemu wa juma hili nilishawaandika tangu Alhamisi, wanne, pale juu kabisa upande wa nyuma, chini ya kichwa cha habari chenye mstari mzito.

Jumamosi hiyo upepo wa kiangazi ulikuwa unaleta ofisini kwangu vumbi lote la machimbo ya Musonoi, na karatasi zinaruka. Mimi nikiona upepo nazibana karatasi kwa redio. Redio yenyewe ilikuwa inaongea. Kulikuwa na mtangazaji mmoja anachambua mechi, anasema eti ngome ya Malakiti ni nzito, eti mabeki wetu wamechoka. Nikamjibu. (Najua hanisikii. Nilimjibu hata hivyo.) Huku namjibu, huku naandika. Nikaanza na washambuliaji, kwa sababu ndio wanaotupa raha: Dodo wa kwanza. Kisha mawinga, kisha viungo. Wanane walipotimia, upande wa mbele ukajaa. Nikachora mshale mzuri, nikaandika "endelea nyuma", nikageuza karatasi, nikairudisha chini ya redio. Nusu ya juu ikawa imefunikwa na redio. Nusu ya chini nyeupe, safi. Nikaendelea: Kapenda, kipa. Mwamba, beki wa kulia. Beki wa kushoto. Mabeki wa kati wote wawili. Kipa wa pili. Na mwishoni kabisa, ingawa hakuna aliyeniomba, nikaongeza: "pamoja na Mama Régine, rais wa wanawake washabiki." Nilitaka komite wasikie jina langu likisomwa kanisani. Lilisomwa.

Leo asubuhi nikavaa kitenge cha Malakiti, kile cha kijani, nikafunga kilemba cha kwenda mbinguni, nikakaa benchi la tatu. Kanisa lilijaa mpaka nje. Timu imekaa mbele, wamevaa survêtement mpya, zile suti za michezo. Mama Kapenda yuko nyuma ya mwanawe, anampangusa shingo kwa leso kama anakwenda komunyo ya kwanza. Umeme wa bwawa la Nzilo, ambao siku nyingine unakatika Padri akiwa katikati ya mahubiri, leo ulikuwa imara. Maikrofoni ilikuwa inasikika hadi barabarani.

Msomaji wetu ni Tata Évariste, mzee mstaafu wa reli. Huyo anasoma kilichoandikwa. Angekuta nimeandika "nunua sabuni", angewaambia waamini wanunue sabuni. Akasimama, akavaa miwani, akaanza. Mapacha wa familia fulani, shukrani. Mgonjwa wa hospitali, tumwombee. Kisha: "Timu yetu ya Malakiti, katika safari yake ya Afrika. Dodo!" Dodo akasimama, kanisa likapiga makofi. Winga akasimama, makofi. Wote wanane, mmoja mmoja, makofi na vigelegele, na mimi natikisa kichwa kama niliwazaa mimi.

Tata Évariste akafika kwenye mshale. Akageuza karatasi. Na kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, hakuanzia pale nilipoanzia mimi. Alianzia juu.

"Sasa tuwaombee marehemu wafuatao."

Makofi yakazima. Watu wakainamisha vichwa. Akasoma wale wanne wa Alhamisi, vizuri, polepole. Kisha, bila hata kupumua:

"Kapenda, kipa."

Jamani! Nikamwona Kapenda kwa mgongo: ameinamisha kichwa, ametulia, anaomba. Alidhani ni Kapenda mwingine! (Akina Kapenda ni wengi.)

"Mwamba, beki wa kulia."

Nikainua mkono nimsimamishe Tata Évariste. Nikaupunga. Akaniona! Akaniangalia kabisa juu ya miwani. Akafikiri namwambia hatusikii huku nyuma. Akasogea karibu na maikrofoni na kupaza sauti.

"BEKI WA KUSHOTO."

Nikasimama. Nikapunga mikono miwili. Akaongeza tena. Mabeki wa kati wakaondoka duniani pamoja. Kipa wa pili akafuata. Nilikuwa nimesimama vile vile, mikono juu, kilemba kimeanguka begani, aliposoma mstari wa mwisho kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa Dilala:

"Pamoja na Mama Régine, rais wa wanawake washabiki. Wapumzike kwa amani."

Na kanisa zima likajibu: "Amina!"

Timu ilijibu. Kapenda alijibu. Kwaya ilijibu kwa sauti nne. Na upande wa wanaume nilisikia sauti moja nzito, ya furaha, iliyotangulia nyingine zote. Ile sauti naijua. Nimeishi nayo miaka ishirini na mitatu. Ni mume wangu, Tata Fidèle.

Watu wakaanza kuhesabu majina. Kisha Mama Kapenda akaelewa. Huyu mama ametoka mbali, hajui utani wa mji, amesikia jina la mwanawe na neno marehemu. Akapiga yowe moja! Na ninyi mnajua mama zetu: kilio kikianza, unaingia kwanza, unauliza baadaye nani amekufa. Benchi lote la akina mama wa nyuma wakatupa vitambaa vya kichwa, mikono kichwani, "Mamaaa yoo! Mamaaa yoo!" Kuna mmoja alikuwa ananishika mimi bega na kunililia mimi mwenyewe, nimesimama mbele yake, namwambia "Mama Angèle, niko hapa", na yeye anasema "Régine alikuwaka mutu muzuri." Padri akaipa kwaya ishara waimbe chochote. Wakaimba wimbo wa Pasaka.

Sijui Misa iliishaje. Nilikuwa nakitazama kiatu changu.

Nje, kwenye uwanja wa kanisa, basi la timu lilikuwa linanguruma, na Kapenda amekaa kwenye ngazi, hataki kupanda. Nikamwendea kwa ujasiri. Mimi ndiye rais.

"Mutoto yangu, ile ni karatasi tu. Niliandika pa upande ya mubaya, basi. Angalia, uko muzima, unapumua."

Akaniangalia kwa macho makubwa. "Mama Régine, mi nilijibu 'Amina' juu ya kifo yangu mwenyewe."

"Lakini haukufa!"

"Bamarehemu bote balikuwaka bazima mbele ya kufa," akasema polepole. "Mi leo mu goli siingie."

Kocha alikuwa nyuma yangu, uso umekwisha kubadilika rangi. "Mama," akasema, "niko na bachezaji munane bazima, bote ba mbele. Kipa hapana. Kipa wa pili, hapana, naye anakatala. Babeki banaangaliana tu. Nicheze na nani? Na weye?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakumbuka kwamba hata mimi nilisomwa.

Mama Kapenda akaja, leso mkononi, macho mekundu. "Siku mbili mu treni," akaniambia. "Nimemubebea mutoto yangu mihogo na samaki ya kukausha. Njo vile munanipokea, na kilio?"

Hapo, ndugu zangu, aibu yangu ilinifika moyoni. Mtu kunicheka, nimezoea. Lakini yule mama alikuwa anatetemeka kweli, na mwanawe pia, na saa tisa mchana Afrika nzima ingekuja kuangalia goli letu likiwa tupu. Nikamuuliza Kapenda: "Unataka nini? Sema, nitafanya."

"Jina yangu ilisomwa pa bamarehemu mbele ya batu bote," akasema. "Isomwe tena pa bazima, mbele ya batu bote. Kama hapana, narudia Kasaji na mama."

Nikakimbilia sakristia, chumba anachovalia Padri. Nilipopita mlangoni nikamkuta Tata Évariste anakunja miwani yake kwa amani kabisa.

"Tata Évariste! Haukuona kama ni timu? Haukushangaa?"

"Mama Régine," akasema, "mi nasomaka tu chenye kimeandikwa. Nilishangaa, ndiyo. Nikasema, pole, timu imepata ajali."

"Wamekaa mbele yako!"

"Mi sikuangalia batu. Niliangalia karatasi."

Padri alikuwa ndani, amegeukia ukuta, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Aligeuka, akajifuta macho, akajifanya mkali. Nikamweleza: Misa ya pili inaanza sasa hivi, Tata Évariste asome tena majina, upande wa mbele, mambo yaishe.

"Hapana," akasema Padri. "Évariste hakuua mtu. Weye njo uliwaua kwa maikrofoni, weye utawafufua kwa maikrofoni."

"Padri, mimi sijawahi kusoma mbele ya..."

"Unaongoza stade nzima ya mpira na ngoma, unaogopa kanisa?"

Alinishika pale. Nikatoka, nikamwambia kocha abakize timu kwa Misa ya pili. Kocha akalia kuhusu chakula na mapumziko. Nikamwambia marehemu hawali. (Sikupaswa kusema vile. Mama Kapenda alisikia.)

Misa ya pili. Mnajua kanisa letu likijaa linavyokuwa? Leo lilijaa mara mbili. Habari ilikuwa imeshapanda pikipiki. Vijana wa machimbo waliokuwa wanapita kwenda kazini walisimama mlangoni na majembe yao. Hata Waprotestanti walikuja! Na pale upande wa wanaume, benchi la kwanza, miguu imenyooshwa: Tata Fidèle. Mtu huyu tangu nimjue hajawahi kusali Misa mbili katika juma moja. Leo Misa mbili asubuhi moja.

Nikapanda. Maikrofoni ikalia "wiii". Nikasema: "Ndugu zangu, katika Misa ya kwanza kumetokea kosa." Mtu mmoja mlangoni akasema, "Sauti!" Nikasogea. "Kumetokea kosa. Kosa ni langu, mimi Mama Régine, katibu. Niliandika walio hai upande wa marehemu kwa sababu nilikuwa nagombana na redio."

Kanisa likaangua kicheko. Padri mwenyewe alijificha nyuma ya kitabu cha Misa. Nilipoona hivyo, nikasema moyoni: Régine, umekwisha kuanguka mtoni, sasa ogelea. Nikanyoosha mgongo na kupiga sauti ileile ya uwanjani.

"Kapenda, kipa! Simama!"

Akasimama, mrefu vile, mikono imeshikana.

"Huyu ni nani?" nikauliza.

"Kapenda!"

"Ni mzima au si mzima?"

"MUZIMA!" Vigelegele! Mama Kapenda akanyanyuka, akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku, kisha akacheka. Alicheka sana yule mama, na mimi machozi yakanitoka bila ruhusa. Nikaendelea. Mwamba! Muzima! Beki wa kushoto! Muzima! Mabeki wa kati wakasimama pamoja wameshikana mikono. Kipa wa pili alisimama kabla sijamwita. Ngome nzima ikarudi duniani, mmoja mmoja, na nawaambia ukweli, sijawahi kusikia timu ikishangiliwa vile hata siku ya goti la Dodo. Nikakunja karatasi, nikashuka kifua mbele, najiona nimeokoa taifa.

Nilipomfikia Tata Fidèle, akaninong'oneza: "Na weye?"

"Na mimi nini?"

"Jina yako haukuisoma."

Nikageuka. Padri alikuwa ameshaanza sala. Nikaketi.

Ilipofika mchana tukaenda uwanjani. Kitenge, kilemba, filimbi shingoni. Wanawake wangu walikuwa wameshapanga mistari. Nikanyoosha mkono nipewe ngoma kubwa, kama kawaida ya kila mechi. Mama Angèle, huyuhuyu aliyenililia asubuhi, akaivuta ngoma nyuma.

"Hapana, Mama Présidente. Mufu hapigake ngoma."

"Angèle, nipe ngoma."

"Bengine bote balisomwa pa bazima. Weye bado. Tunangoja Padri."

Mistari yote ikaniimbia wimbo wa matanga. Kwa mdundo wa kucheza! Na jukwaa la pili likaupokea, hata polisi mmoja akawa anatikisa kiuno. Nilikaa chini, nikaangalia mechi ya robo fainali ya Afrika bila ngoma, nimefunga mikono, rais wa kwanza kuzikwa akiwa amelipa kiingilio.

Mechi yenyewe sasa. Wale wageni walikuja kwa nguvu. Na washambuliaji wetu, wale wanane waliopigiwa makofi asubuhi, sijui nini kiliwapata. Dodo alikosa bao akiwa peke yake na kipa. Akakosa jingine kwa kichwa. La tatu, mpira aliupiga ukaenda ukagonga gari la wagonjwa. Lakini nyuma! Mwamba alikuwa anakata kila kitu. Mabeki wa kati walikuwa wanajitupa mbele ya mipira bila kujali uso wala meno. Mtangazaji yule wa redio alikuwa na la kusema kuhusu ngome nzito? Hakuwa nalo.

Zikabaki dakika sita. Sifuri kwa sifuri. Mpira ukagusa mkono wa beki wetu ndani ya boksi, na refa akaonyesha nukta. Penalti!

Niliona Mama Kapenda, tulikuwa tumemkalisha mstari wa mbele, amefunika macho kwa leso. Nikamshika mkono. Akanishika kwa nguvu ya kuvunja vidole. Kapenda hakufanya ishara ya msalaba mara tatu. Alifanya moja tu, akasimama katikati, mikono chini, anamwangalia mpigaji. Hakuruka huku wala huku kumbabaisha. Alitulia kabisa. Yule mpigaji akaanza kukimbia, akapunguza, akaongeza, akapiga kulia. Kapenda alikuwa ameshafika. Aliukamata! Si kuupangua: kuukamata kwa mikono miwili na kuukumbatia kifuani.

Sitaweza kuwaeleza kelele ile. Mama Kapenda aliniruka shingoni, tukaanguka wote wawili juu ya ngoma. (Ngoma imepasuka. Angèle alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja.) Filimbi ya mwisho, sifuri kwa sifuri. Malakiti tuko nusu fainali ya Afrika!

Wakamleta Kapenda mbele ya maikrofoni za redio, amebebwa mabegani. Wakamuuliza siri ya ile penalti, kama alisoma video za mpigaji. Yule mtoto mpole akafikiri kidogo, kisha akasema, na mji mzima ulisikia:

"Leo nilikufa Misa ya kwanza, nikafufuka Misa ya pili. Penalti ni nini?"

Basi mimi nikajua msamaha umefika. Nikashuka ngazi kifua mbele kuelekea vyumba vya wachezaji, kuwapongeza kirasmi kama rais. Watu wakanifungulia njia. (Wengine walifanya ishara ya msalaba, nimewaona, nawajua.) Mlangoni nikamkuta Dodo amekaa peke yake kwenye ndoo iliyogeuzwa, soksi mkononi, uso umeanguka. Nikataka kumfariji. Akaninyamazisha kwa mkono, akaangalia huku na kule, akashusha sauti.

"Mama Régine, uliona leo? Shiye ba mbele, bote mulitusoma pa bazima, na hakuna mwenye alifanya kitu. Nimekosa goli tatu. Kapenda alikufa kidogo tu, sasa bananyanyua yeye ku mabega. Mama, tafadhali. Kwa demi-finale, na shiye utuandike nyuma."

Nikamwambia nitafikiri. Nilikuwa sijamaliza kufikiri, winga wa kushoto akatoka bafuni na taulo, akasema na yeye anaomba. Kisha kiungo. Kisha kocha akapitisha kichwa mlangoni, akakohoa, akauliza kama kwa kocha pia kuna nafasi.

Nimewajibu wote kama katibu mwenye uzoefu wa miaka kumi na minne: waje ofisini kesho saa za kazi, na kila mmoja aje na mama yake, mama atie saini kwanza.

Mimi mwenyewe Padri amesema nitasomwa Jumapili ijayo, akiwa na nafasi. Mpaka siku hiyo mume wangu anajiita mjane, na leo jioni amejipakulia bukari, ugali wetu, peke yake, kipande kikubwa cha samaki akala yeye, akasema cha marehemu hakiulizwi. Na wewe unayecheka hapo ulipo, usidhani sikujui. Jina lako nalijua mpaka la ubatizo, upande wa nyuma una nafasi, na kalamu ninayo mkononi.